Shati la Mtoto

Shimanzi, ghorofa ya pili, feni inazunguka bila upepo.
Nyamvula anaandika nambari ya kontena, anabonyeza,
kisha anashuka kununua viazi vya karai,
anarudi, anakula, ananawa,
na jibu bado.

Chini, dereva Kitsao kazima injini. Kawasha. Kazima tena.
"Kontena moja tu, dada. Jekundu."
Moja tu, ndiyo, kati ya milioni nne.

Wakubwa wamesema mashine imezeeka, inunuliwe nyingine.
Nikasema: ngojeni kwanza niiulize inavyofikiri.
Nikaitaka inionyeshe njia iliyoipanga kabla ya kuipita,
nayo, bila haya, ikanijibu:
jedwali lina mistari mia tatu na kumi,
nitaipitia yote, mmoja mmoja.

Mia tatu na kumi!
Hesabu ya mwaka ule tulipofungua,
kabla ya feni, kabla ya Nyamvula,
na tangu hapo hakuna aliyeiambia kitu.

Nikamkumbuka shangazi Mwanahawa,
aliyekuja kutoka Pate baada ya miaka kumi na tano
na zawadi ndani ya kanga: shati la mtoto wa miaka saba.
Kalipiga pasi.
Nami nimesimama mlangoni, nimeota ndevu.
Hakuwa mjinga. Alishona kwa kipimo alichoachiwa.

Usiku, kazi ilipopungua, nikaifanya ihesabu upya:
kontena ngapi, za nani, bandari zipi zajirudia mno,
tarehe zipi ni tupu
kama mikahawa ya Kibokoni mchana wa Ramadhani.
Nikajenga faharasa moja, nambari mbele, tarehe nyuma;
ukigeuza, umeshika ufunguo kwa meno yake.
Nikafuta tano alizoacha mtu wa kabla yangu.
Hazikusomwa na yeyote,
ila kila kontena likiingia lazima ziandikwe, zote tano,
kama madaftari ya chama kilichokufa.

Asubuhi Nyamvula akabonyeza, akanyoosha mkono kuchukua mkoba.
Jibu likamkuta hajasimama sawasawa.
Akaketi. Akajaribu la mtu mwingine. La mwaka juzi.
"Umeivunja?" akaniuliza.

Sasa kila Jumapili usiku inajihesabu yenyewe.
Na shangazi nilimpigia simu, nikamtajia kifua changu:
inchi arubaini na mbili.
Akanyamaza kidogo, nikasikia akitafuta kalamu.
"Na shingo?"