Hesabu ya Mia

Kwanza tone. Si kubwa, kama punje ya mtama.
Kioo cha pili ukiinamishe kiguse damu,
ingoje itambae pembeni, kisha sukuma
mara moja. Ukisita, mkono huandika mawimbi.
Bi Jumwa Changawa alinitupia vioo arobaini ndooni
kabla mkono wangu haujatoa ulimi mmoja mwembamba,
wa kufifia hadi usijue umeishia wapi.

"Usisome penye unene, humo zimepandana
kama watu wa foleni ya mafuta ya taa.
Usisome nchani, huko zimesahau umbo.
Soma pale zinapogusana mabega."

Nyekundu hazina haja ya kujitambulisha. Ndizo mji.
Duara, hazina kiini, katikati zimepauka,
kana kwamba mpishi alibonyeza kila donge kwa gumba
akaenda kwa jingine.

Nyeupe ndizo za kuulizana nazo
(nyeupe kwa jina tu; zikishanywa rangi zote ni zambarau).
"Usinitajie rangi. Kiini kimekaaje?"

Kiini cha mafundo matatu, manne,
kamba ya mtu aliyefunga mzigo na gari linaondoka:
neutrofili. Ndio wengi. Hutangulia penye kidonda
na aghalabu hawarudi.
Kiini cha duara kilichoijaza nyumba
kikabakisha utepe wa buluu mlangoni:
limfosaiti. Surua ya utotoni mwako anaijua kwa sura.
Na yule pandikizi, kiini kimebonyea kama figo la mbuzi,
mwili wa kijivu wenye matundu: monosaiti, mzoa taka.
Basofili nilimngoja siku kumi na moja.
Alipotokea alikuwa amejipaka wino hata uso hauonekani.
Bi Jumwa aliagiza soda.

Makombo yale madogo ni vigandisha damu.
Siku ya kwanza nilivihesabu mia mbili, nimefurahi.
"Hilo vumbi la rangi, mwanangu. Geuza skrubu.
Vumbi humetameta. Kigandisha hakimeti."

Jumanne umeme ulikatika Malindi nzima,
mashine kubwa ya kuhesabu ikafa na taa zake.
Tukaibeba hadubini kuukuu hadi dirishani,
tukaigeuza kioo chake, tukaazima jua.

Tsofwa Mwaringa, miaka sita, Kakuyuni.
Tumbo. Kikohozi. Anakula udongo.
Nje kwenye benchi mamake anamweleza mwenzake
habari za jirani, na yai lililokutwa kizingitini.

Huhesabiwa mia. Kidude cha vitufe hulia ndi! zikitimia.
Nikamwona mmoja. Wa pili. Watatu wakiongozana:
kiini cha mapande mawili kama miwani,
mwili umejaa chembe za rangi ya chungwa,
kinywa cha mtoto kilichofumbia mabuyu.
Eosinofili. Kwa kawaida wawili, watatu katika mia.

Ndi!

Ishirini na wanane.

Bi Jumwa akaketi, akahesabu upya: ishirini na sita.
"Wawili ni wa ubinadamu. Andika.
Na umwambie daktari aombe choo."

Sisi hatuwaambii wagonjwa; karatasi ndiyo husema.
Lakini alasiri mama alipita dirishani,
vidonge mkononi, mtoto mgongoni amelala.
"Ni minyoo," akasema, ingawa sikumwuliza.
Akapiga hatua mbili, akarudi,
sauti chini, kama anayerudisha kitu
alichokichukua bila kuomba:
"Kumbe si Mama Sidi."

Nikaosha vioo.
Kuna seli moja ambayo sikumwonyesha Bi Jumwa.
Ilikuwa imepasuka, kiini kimemwagika kama yai,
haina umbo la kuiitia.
Sikubonyeza kitufe. Nilihesabu nyingine mahali pake,
mia ikatimia, daftari likafungwa.
Bado naiona.