Hali Timilifu

Ubaoni, Kidato cha Pili, niliandika
kwa chaki ya manjano: -li-, -na-, -ta-.
Kisha -me-, na mkono ukasita.
"Hii si wakati hasa," nikawaambia, "hii ni hali.
Tendo limekwisha, ila mabaki yake yangalipo,
kama harufu ya kitunguu
sufuria ikishaoshwa."
Famau, wa dawati la nyuma, akauliza:
"Mwalimu, na hiyo hali huisha lini?"
Kengele ikaniokoa.

Nyumbani, Kuze, mama amekaa mkekani.
(Amekaa. Hatuna namna nyingine ya kulisema.)
"Umekula?" namuuliza, nikivua viatu.
"Namngoja babako. Amekwenda Marikiti."

Miaka kumi na tisa amekwenda Marikiti.
Alitoka na kikapu, saa moja asubuhi,
jua halijashika ukuta wa kina Mselem,
kutafuta papa mkavu na ndimu tatu.
Waliomrudisha walimrudisha na kikapu.
Ndimu zilikuwa mbili.
Nilizihesabu mimi, kwa kuwa hapakuwa na kingine
nilichoweza kukihesabu.
Hadi leo, nikipita Barabara ya Digo,
macho yangu huwa chini, mferejini.

Makadara, hospitali, mwanafunzi wa udaktari,
kijana wa ng'ambo mwenye adabu na kalamu mbili,
alimwonyesha saa ya ukutani.
Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa.
"Saa tatu," akajibu Bi Mwanakhamisi, mamangu,
kama walivyojibu mamake na nyanyake,
wahesabuo mchana tangu uzaliwe.
Kijana akaandika: amekosea.
"Na leo tarehe ngapi?"
"Daktari mzima, huna kalenda?"
Hapo alikosea kweli. Nilicheka hata hivyo.

Siku zake anazo, ila hazikupangwa.
Juzi yake huja baada ya mtondogoo.
Tukivuka Nyali kwa tuktuk, hufungua pindo la leso,
akatoa sarafu, akainyoosha hewani:
"Mpe mlinzi wa daraja."
Lile la zamani, lililoelea,
lililoondolewa nami sijajua kutembea.
Dereva huipokea. Sasa amezoea.

Chuoni tulifundishwa kwamba wakati ni mto,
huendi ukarudi, hulioni tone lile lile tena.
Nikanakili, nikafaulu mtihani.
Lakini mto gani, nami mtu wa kisiwani?
Maji yetu huingia na kutoka kwa mlango mmoja.
Bamvua likichukua kandambili asubuhi
huenda likairudisha alasiri,
moja tu, tena si lazima iwe yako.

Alhamisi iliyopita, baada ya Alasiri,
nilikuwa nachagua mchele, kokoto upande huu.
Mama akasema, sauti safi, bila kunitazama:
"Babako alikwenda Marikiti."

Ali.
Nikaliacha ungo.
Ningekuwa darasani ningempa alama zote.
Kiambishi sahihi, tendo limefungwa, mlango na komeo,
na baba yangu akafa pale mkekani
kwa mara ya pili, pasi na jeneza, pasi na majirani,
huku redio ya jirani ikitangaza bei ya sukari.

Akageuka. Alinitazama
kama mtu aliyeshuka ngazi gizani
akakanyaga kipandio kisichokuwapo.

Kuna -ja-. Huifundisha mwisho,
wiki ya kufunga muhula, nusu ya darasa
wamekwisha rudishwa nyumbani kwa karo,
na waliobaki wanachungulia dirishani.
"Hajarudi, mama," nikasema. "Hajarudi bado."
Wala si uongo: alirudishwa;
kurudi ni kitenzi kingine.

Akapumua. Akavuta leso mabegani.
"Basi ukishapika, funika wali," akasema,
"usije ukapoa."