Namba ya Mbele

Injini ilikubali kuwaka tangu Pasaka.
Tangi nimelipiga msasa, nikalipaka, nikalipiga tena.
Kilichobaki ni bati jembamba juu ya madigadi,
limepinda kama mgongo wa kambare,
husomwa ubavuni, kulia na kushoto,
na makali yake, wanasema mafundi wa zamani,
hayakumhurumia mtu aliyevuka bila kutazama.

Vijana wa mjini Tororo wana mashine.
Dakika tano namba inatoka imetuna, inang'aa,
njano au nyeupe, chagua, bosi.
Nikasema: ya BSA hii haikutunishwa, iliandikwa.
Bati jeusi, herufi nyeupe, mkono wa mtu.
Wakatazamana. Mmoja akauliza kama polisi wanajua.

Polisi wanajua. Namba ya serikali ninayo,
iko nyuma, halali, na risiti yake.
Hii ya mbele ni ya babu, Yokana Obbo,
mchanja ndui, ambaye watoto walimsikia
kutoka kilima cha pili wakaingia vichakani
na mikono yao.

Kitabu cha usajili kimeliwa na mchwa.
Wameacha U, wameacha F na T,
wameacha saba, wameacha sita,
na ya mwisho wameacha nusu ya kulia,
vilima viwili vimelala ubavu.
Tatu au nane?
Picha ipo moja. Babu amesimama kando ya gurudumu,
na suruali yake pana imeziba hapo hapo.

Shangazi Nyafwono hajui kusoma.
Kaka zake walipewa kalamu, yeye kitambaa.
Kila jioni babu akirudi kutoka Mulanda au Nagongera,
vumbi jekundu hadi kwenye kope,
kazi ya mtoto ilikuwa kufuta namba,
maana bwana wa wilaya alitoza shilingi mbili
kwa namba isiyosomeka.
Nikamuuliza: shangazi, ya mwisho ilikuwa ngapi?
Akacheka. "Ngapi" ni neno lenu.
Akavuta ungo wa unga wa wimbi, akafumba macho.
Kidole kikapanda, kikazunguka, kikaingia tumboni,
kikazunguka tena, kikatoka nje.
Hakikufunga.
"Hii ilikuwa imeachama," akasema,
"kama mtu aliyeitwa usingizini."

Emudong' huchora sabuni na soda kwenye kuta za maduka,
na simba mmoja, pale hotelini, anayefanana na mkewe.
Alikuja na brashi tatu na kijiti cha kuegemeza mkono.
Akapima kwa kiberiti: za mbele ni fupi kuliko za nyuma,
hilo alilijua kabla yangu.
Akabana pumzi, akaishusha U bila kuinua brashi.

Mimi parafujo ndizo zilizonitesa.
Za milimita huingia mzunguko mmoja na nusu,
kisha hugoma. Mwingereza alikata nyuzi zake kivyake.
Nilizipata Busia, chini ya kopo la misumari,
kwa mama aliyeziuza kwa kilo
akidhani ananipunja.

Jua likishuka nyuma ya mwamba
shangazi akatoka ndani na kitambaa.
Nikapiga kelele: bado!
Lakini mkono wa miaka sabini na saba
ulikuwa umeshafika mahali pake.
Alifuta mara moja, kwa mazoea, mbele kwenda nyuma.
U, F, T, saba na sita zilikuwa zimekauka.
Tatu, iliyoandikwa mwisho, ikamfuata.

Emudong' akachovya brashi kwenye mafuta ya taa.
Nikamshika kiwiko.

Upande wa kulia ni safi, wa kuonyesha wageni.
Upande wa kushoto tatu ina mkia mweupe
unaokimbilia nyuma,
na pikipiki imesimama kwenye stendi,
matairi yake hata upepo hayajajazwa.