Slaidi ya Kumi na Saba

Mama mwenye nyumba kasimama mlangoni, kauliza kodi.
Nikamjibu bila kuinua macho: ndiyo hii naiandika.
Hakucheka. Ni tarehe kumi na mbili,
na kodi niandikayo mimi
bado haijajifunza kuilipa ile yake.

Ngara, ghorofa ya nne, Julai.
Baridi imeketi nami mezani kama mgeni asiyeaga.
Tokeni za stima: nne nukta mbili.
Nimezima taa. Mwanga wa kioo unatosha.

Kazi yenyewe ni ya chama cha mafundi ngozi, Kariokor.
Mkutano mkuu ni kesho, saa tatu kamili,
maana yake saa nne na nusu.
Wanachama sitini na mmoja, kila mtu na slaidi yake:
jina, picha, akiba, mkopo, gawio.
Mwaka jana katibu, Bwana Ogutu, alizipanga kwa mkono,
siku tatu akiburuta visanduku kwa kipanya,
akambandika Mutheu deni la Wanza,
na mkutano ukageuka mnada.

Mimi siburuti kitu.
Nasema mara moja tu:
kwa kila jina lililomo jedwalini
fungua ukurasa, weka picha kushoto,
andika jina kwa wino mzito, akiba chini yake,
na penye deni pake rangi ya tofali.
Kisha nabonyeza, na kabla sijapuliza chai
sitini na moja wamesimama mstari.

Wamesimama vibaya, lakini.
Nusu yao wamelala ubavu, simu iliwapiga hivyo.
Mstari wa ishirini na tatu una nafasi moja ya ziada,
tupu, haionekani, na imegoma kama punda wa Dagoretti.
Jina la Kyalo wa Mutinda Ndunda limetoka nje ya ukingo
kama shati lisilochomekwa.
Nikapunguza herufi zake,
na majina yote yakakonda pamoja naye.

Ndipo nikafika ya kumi na saba.

Syombua.
Kashika sindano nene, uzi ungali mdomoni,
anamtazama mpiga picha kama anayemchelewesha.
Akiba: elfu thelathini na nane. Mkopo: hakuna.
Gawio la mwaka limepigwa hesabu hadi senti.
Tulimzika Machi.
Mkoba wa kompyuta hii aliushona yeye,
akakataa hata pesa ya uzi.

Jedwali halina safu ya msiba.

Dawa yake ni mstari mmoja: kama hayupo, ruka.
Neno fupi, ruka,
kama mtoto na mtaro wa maji machafu.
Nikaandika. Nikabonyeza.
Wakabaki sitini, sawasawa, bila pengo;
wa kumi na nane akasogea akawa wa kumi na saba,
naye ni Wanza, anatabasamu,
hana habari kakalia kigoda cha nani.

Nikanywa chai. Ilikuwa imeshapoa.

Nikafuta ruka.
Badala yake nikaandika: kama hayupo,
ondoa akiba, ondoa gawio, ondoa ile mistari ya jedwali,
picha isogee katikati.
Nilitaka kuongeza maua pembeni. Nikayaona. Nikayafuta.
Syombua angeuliza ua hilo linauzwa bei gani.

Limebaki suala la muda.
Slaidi zote zinajipitisha zenyewe, sekunde nane kila moja,
maana ukumbi tumeukodi hadi saa saba
na Ogutu ana hotuba.
Kwa hii sikuandika nane. Sikuandika ishirini.
Niliandika: subiri, mpaka mtu abonyeze.

Kidude cha kubonyezea kitakuwa mkononi mwa katibu.
Dole gumba lake mimi siliwezi kuliandikia.

Stima: nukta tisa.
Nahifadhi mara mbili, mara ya tatu kwa woga.
Kule chini naisikia milango ikigongwa, mmoja baada ya mwingine,
kwa kila jina lililomo daftarini,
na hakuna anayerukwa.