Daftari la Nusura

Ni kaunta buku ya kawaida, jalada jekundu,
imenunuliwa dukani kwa Mpemba, hapa hapa Buza,
na risiti imebandikwa ukurasa wa kwanza
maana Sista Eufrasia haamini kitu kisicho na risiti.
Aliifunga kwa uzi wa bandeji kwenye mguu wa meza,
dirisha la dawa, pamoja na kalamu yake.
Juu akaandika: NUSURA.

"Kilichotaka kutokea kisitokee,
kiandikwe humu. Jina la aliyekosea silitaki."

Wiki tatu likakaa jeupe.
Nani ajitie kitanzi kwa mkono wake,
na kwa kalamu ya serikali?
Mganga wa zamu alilipita kama mtu anavyompita anayemdai.
Mimi nilipangusa vumbi lake kila asubuhi nikipiga deki,
na nilikuwa najua mengi.

Nilijua friji ya chanjo, Jumapili ile LUKU ilipoisha,
kipimajoto kikapanda hadi kumi na mbili
ndipo Bakiri mlinzi akatoa elfu tano yake mfukoni.
Nilijua kina Mwajabu Selemani wawili,
faili zao zinalala kabatini kama mapacha,
na mmoja wao penisilini humfunga koo.
Nilijua sindano iliyotupwa kwenye ndoo ya maganda ya machungwa:
iliuona mkono wangu kabla sijaiona.

Jumatatu moja nikakuta mwandiko,
umelala upande, wa mtu aliyeandika amesimama:

*Mimi, Eufrasia Mkude, saa kumi alfajiri,
nusura nimpe mtoto wa kilo nane
dozi ya kilo kumi na nane.
Taa ilikuwa hafifu.
Mama yake ndiye aliyeuliza: mbona nyingi?*

Majina hakuyataka. La kwake kaliweka.

Siku ile hakuna aliyesema neno.
Jioni kulikuwa na miandiko minne.
Nami nikafuta mikono kwenye gauni,
nikaandika herufi moja moja kama apangaye mawe:
*sindano, ndoo ya taka, glovu imetoboka, ngozi nzima.*

Basi taa ikabadilishwa.
Sanduku la sindano likatoka stoo, likaja kando ya kitanda.
Mwajabu mmoja akapewa utepe mwekundu kwenye faili.
LUKU ikapata mwenyewe; si "sisi sote", Bakiri.
Na mlangoni, kwa maka pen, karatasi:
*Ukiona nyingi, uliza. Ukiona kidogo, uliza.*
Siku hizi wanauliza hadi bei ya kiti.

Mkaguzi wa manispaa akaja na miwani yake kifuani.
"Mwaka jana makosa sifuri.
Mwaka huu arobaini na moja. Mmeharibikiwa na nini?"
"Mwaka jana," Sista akasema, "tulikuwa hatuandiki."
Akacheka, akalowesha kidole, akafunua, akafunua,
akafika ukurasa wa kumi na tisa.

Ukurasa ule hauna neno nusura.
Una tarehe, na saa nane usiku,
na *mtungi wa oksijeni, mshale kwenye sifuri*,
na jina la mtoto aliyekuwa na siku moja ya jina hilo.
Chini yake hakuna maelezo. Kuna alama ya kikombe cha chai
ya mtu aliyekaa pale mpaka kukakucha.

Mkaguzi akavaa miwani, akaivua.
Hakuuliza tena hesabu.

Sasa kila zamu ikipokelewa, Tumsifu hugonga mtungi,
husoma mshale kwa sauti,
na wa pili husoma tena, kama waitikiao dua.
Wagonjwa wapya hushangaa. Wa zamani hunyamaza kidogo.

Juzi uzi wa bandeji ulikatika, kwa kuvutwa vutwa.
Nimefunga mwingine.
Mafundo mawili.