Bila Risiti

Siwezi kusema uwongo, Nsimire: damu waliisimamisha.
Daktari kijana, mikono baridi kama vyuma vyake,
alishona hadi umeme wa Kadutu ukakatika,
akamalizia kwa tochi ya simu.
Hilo naliweka mbele, lisisahaulike.

Lakini walinilaza chali.
Mwili ulitaka kupiga magoti, kushika kitu kilichosimama,
kama mama yangu kule Kabare alivyoshika nguzo ya nyumba.
Wakasema: Mama, hapa hatuzai hivyo.
Nyanya yako alibaki nje ya geti,
termosi ya uji ikipoa kwapani,
akiniita jina kupitia ukuta.

Siku ya tatu, karatasi.
Glavu, jozi sita. Uzi. Serumu. Kitanda,
ingawa nilikilalia nusu, nusu nyingine ya mwenzangu.
Kilio chako tu ndicho kilichosahauliwa bei.
Dola mia moja themanini.
Baba yako anapakua mchanga kule Nguba;
nilihesabu safari zake kwa vidole, vidole vikaisha,
nikaanza vyako.

Basi tukahamishiwa chumba cha nyuma,
sisi tuliopona tusiolipa:
wanawake kumi na mmoja, vitanda vitano.
Mapacha wa M'Cibalonza wameshajifunza kucheka humu.
Hakuna pingu. Kuna Papa Zihindula mlangoni,
mpole, anauliza kila asubuhi watoto wameamkaje,
kisha anauliza risiti.

Siku ya saba kitovu chako kikadondoka.
Nilikifunga kwenye pindo la kitenge
nikiwaza mgomba nyuma ya nyumba,
shimo dogo, jembe la nyanya yako.
Usingizi ukaniiba.
Nilipoamka pindo limefunguka,
sakafu inanuka dawa, mfagiaji ameshapita.

Watakuuliza, Nsimire, watu huuliza,
kitovu chako kimezikwa wapi?
Sijui utawajibu nini.
Mimi mwenyewe nimetazama ile karatasi mara nyingi,
kama vile kingeandikwa hapo, chini ya uzi.

Usiku huu mvua inapiga mabati.
Mama wa kitanda cha dirishani anaota kwa sauti, anataja bei ya mihogo.
Nyonya taratibu, kidonda bado kinavuta.

Na huko nje, kupitia ukuta, nyanya yako:
Mbuzi ameuzwa!
Kimya. Maji yanaporomoka mferejini.
Bado sabini.