Sahani za Harusi ya Phulmani

Nilikuwa nachimba shimo la choo nyuma ya nyumba,
futi tatu chini, udongo mwekundu wa Mayurbhanj,
sururu ikagonga kitu kisicho jiwe wala mzizi.
Nikakivuta. Kikatoka cheupe kama jino.
Sahani. Kisha nyingine. Kisha rundo zima,
zimebanana vile vile kama zilivyotoka dukani kwangu,
na juu ya ile ya kwanza doa la manjano:
mchuzi wa dengu wa harusi ya dada yangu.

Miaka kumi na mmoja.
Niliziuza mimi mwenyewe, plastiki tupu, sahani mia sita,
nikampunguzia bei, nikajiona bwana.
Ndoa yenyewe haikufikisha mvua ya tano.
Mume alikwenda Surat kwenye viwanda vya nguo,
simu mbili, pesa mara moja, kisha kimya.
Phulmani amerudi, analala chumba cha mbele na mwanawe.
Baba tumemchoma, majivu tumeyapeleka mtoni.
Sahani zipo.
Hata kukunjika hazijakunjika.

Mama alipita na ungo wa mpunga kiunoni,
akatazama shimo, akanitazama mimi.
Angeweza kusema. Alitema mate tu, akaenda zake.

Maana kabla ya harusi ile alishona mwezi mzima
majani ya sarjom, jani juu ya jani,
akiyabana kwa vijiti vya mwanzi vyembamba kama sindano,
sahani mia nne, zimepangwa chini ya kitanda chake.
Nikamwambia azifiche.
Wageni wa Baripada watatuona washamba, nilisema.
Wapiga ngoma peke yao, kule nje uani,
ndio waliokula kwenye majani.

Na zao zilitupwa papa hapa.
Nimezitafuta. Nimeuchekecha udongo kwa vidole,
nimepiga magoti kama mtu aliyeangusha pete.
Hakuna jani. Hakuna hata kijiti.
Kuna minyoo, minene, isiyo na habari na mimi.
Mtupa jongoo hutupa na ung'ongo wake:
mimi jongoo alishakwenda,
ung'ongo ndio huu, unanitazama.

Siku hizi sahani za plastiki siuzi. Nimekopa benki,
nimenunua mashine ya kubana majani kwa moto,
wanawake kumi na wawili wananiletea mizigo kutoka msituni,
na Mama, baada ya kunizungusha wiki tatu, ni wa kumi na tatu.
Anadai zaidi ya wenzake. Ninamlipa.

Lakini Poddar, mnunuzi wangu wa Kolkata, analalamika.
Mchuzi unavuja, anasema, wateja wana nguo nzuri.
Ametuma sampuli: jani juu, linang'aa,
na chini yake utando, mwembamba, hauonekani.
Mama akaichukua, akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba
mpaka ngozi ile ikachanika na kuninginia.
"Hili limevaa koti la mvua," akasema.
"Nani alimwambia jani linaogopa maji?"
Nikamwambia, Mama, oda ni elfu ishirini.
"Basi chimba shimo jingine," akasema, "refu."

Jioni akaniketisha chini, kama mtoto.
Hiki kijiti. Hapa, pembeni mwa mshipa, si juu yake.
Nilichana majani tisa. La kumi likashika.
Akanipakulia wali na dengu humo humo,
na kabla sijamaliza kueleza habari za mkopo, riba,
na bei ya utando kwa kila sahani elfu,
dengu ilikuwa imeshafika gotini.
Mwana wa Phulmani akacheka mpaka akapaliwa.

"Kula," akasema Mama.
"Jani halimsubiri mtu anayeongea."

Simu inatetemeka mfukoni. Ni Poddar.
Mikono yangu yote miwili ina mchuzi.